Shinyo ya Juu, Shinyo ya Chini

Nyie wasichana munaosuka hapa mutaa wa Murara na pini katikati ya meno, munisikilize kidogo, kisha murudie simu zenu. Ninajua munajifunza humo ndani ya simu. Dada mumoja mwenye kucha ndefu anasokota nywele zilizonyooka, zinazofika kiunoni, anabana kwa pensi moja, kibanio cha plastiki, anatabasamu, imeisha. Mimi nilifanya kazi hiyo hadi vidole gumba vikakataa, na sijaona shinyo, nywele za kusokota na kubana kisogoni, iliyokamilika kwa kutabasamu. Muangalie vizuri ile video: hawaonyeshi yule dada akiinama kuokota sabuni.

Nywele zilizonyooka zina kiburi. Nywele zetu za kuzaliwa, ukizisokota zinakaa pale ulipoziacha. Lakini nywele za kudefriza, zilizonyooshwa kwa dawa, ao meshi ndefu za bandia za kushonea, ao zile za wageni wazungu wa mutaa wa Himbi, hizo hazikumbuki kitu. Unazizungusha, zinakubali, ndiyo, ndiyo, kama mume anayesikiliza mpira redioni. Unageuka kuchukua pini, zimeshashuka tena mugongoni.

Basi musizioshe siku ile ile. Muteja akija na kichwa kinachonukia shampoo, mumurudishe nyumbani, akalale nazo, aje kesho. Atawanunia. Mumuache anune. Nywele safi sana hazishiki pini.

Na kama ni lazima iwe leo, kuna majivu. Ndiyo, ya mulima. Tunaishi chini ya mulima unaotutemea majivu juu ya nguo tulizoanika, na kila mutu hapa analalamika isipokuwa mimi. Niliona kwamba siku za majivu pini zangu zinakaa kama zimepigwa msumari. Nikaanza kuyafagia juu ya bati, nikayachuja kwa soksi nyembamba ya kike, nikayaweka ndani ya kopo la maziwa ya unga. Unachukua kidogo kwa ncha ya kidole, unapaka kwenye mashina. Mama mumoja mugeni aliyekaa Himbi aliniuliza ni produi gani hiyo, ni dawa gani ya nywele.

Nikamwambia: "Ya hapa hapa, madame."

"Ni ya asili?"

"Ya asili sana. Juzi tu ilikuwa ingali ya moto."

Akaomba nimuuzie kopo. Lakini muangalie mvua. Nilimupamba bibi arusi mumoja, nikapaka bila huruma, na mvua ya Goma ikamukuta kati ya gari na mulango wa kanisa. Michirizi ya kijivu ikamushuka usoni hadi kwenye nguo nyeupe. Mama mukwe wake akasema kwa sauti, mbele ya batu bote: "Huyu binti analia simenti!" Tangu siku hiyo kila harusi nilikuwa ninatembea na muavuli wangu, hata juani, na batu bakafikiri ni maringo.

Mimi nilifundishwa na Mama Anjelani, mwanamuke aliyezaliwa Vitshumbi, binti wa wavuvi. Mukono wake ulikuwa mugumu kama wa fundi wa chuma. Hakuwa na vichwa vya plastiki vya kufundishia kama vile munavyoona kwenye mashule ya kusuka. Alichukua kamba ya nailoni ya wavuvi, akaifumua yote, nyuzi zikawa ndefu, laini, zenye kuteleza kuliko nywele yoyote, akazifunga juu ya mugongo wa kiti. "Sokota," akasema. Nilisokotea kiti kile hadi nikakipa jina. Nikikosea, alinipiga vidole kwa mukia wa kitana.

"Wewe umesoma sekondari," alikuwa ananiambia, "lakini gumba lako bado liko kwenye masomo ya vitoto."

Kwa sababu kazi yote iko kwenye gumba. Munakusanya nywele pamoja shingoni, munazizungusha kuelekea upande mumoja, na gumba linakaa ndani ya mukunjo, halitoki, hadi ngozi ya kichwa ianze kuvutika kidogo. Kidogo! Macho ya muteja yakipanda, mumezidisha. Kisha pini. Inaingia kwanza ikielekea nje, inashika nywele chache za shinyo na nywele chache za kichwa, halafu munaigeuza na kuisukuma ndani. Lazima musikie inakataa. Pini inayoingia bila kukataa haijashika kitu, ni pambo tu. Na wakati wa kufungua, pini iliyowekwa mwisho ndiyo inatoka kwanza. Mukianza na ile ya chini yake munaharibu yote na munang'oa nywele. Mama Anjelani alinichapa kwa hilo kuliko kwa mengine yote, kwa hiyo mulishike.

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kupandisha. Shinyo ya juu, ile tunayoiita banane, inaanzia shingoni, inapanda imejikunja hadi utosini, na nyuma haionekani hata pini moja. Nilipandisha za harusi, za ubatizo, za mabibi wa maofisi. Nilipandisha hata ya Mama Salima, muuza vitenge, jirani yangu, ambaye familia yake ilitoka Maniema na ambaye hatoki nje bila mutandio.

"Mama Salima," nilimuuliza siku ya kwanza, "nani ataiona chini ya hiyo nguo?"

"Papa Salima."

"Huyo si yuko njiani na lori lake wiki nzima?"

"Ndiyo maana ikae wiki nzima," akajibu.

Nilipenda kichwa kile. Alikuwa na nywele ndefu za kweli, alizopata kwa bibi yake, na alikaa bila kutikisika, akinisimulia maneno ya soko.

Halafu zikaja zile siku mulio wa silaha nzito ulipoanza kusikika upande wa Sake. Munazikumbuka, wengine wenu mulikuwa chini ya kitanda. Mama Salima alikuja asubuhi, akaikaa kwenye kiti, akatoa mutandio. Mimi nikachukua kitana nianze kupandisha kama kawaida. Akanishika mukono.

"Leo unishushie, Mama Furaha."

"Nikushushie? Ya chini ni ya watawa."

"Nishushie tu. Na iwe bapa."

Nikashusha. Nilisokota chini ya ule mufupa wa kisogo, nikailaza bapa kama chapati. Akakataa pensi. "Nikiegemea kitu itavunjika," akasema, na mimi, mujinga, nikafikiri ni kiti cha nyumbani kwake. Nikatia pini tupu, zimepishana. Nilipomaliza akatazama pembeni, akaona beseni langu la kuoshea, limejaa maji nusu.

"Nipatie hilo."

Akaweka ngata utosini, akaweka beseni juu, akatembea hadi mulangoni, akageuka, akarudi. Maji hayakumwagika, shinyo haikusogea. Akasema: "Inakaa." Akanishika mabega yote mawili, akatoka. Kesho yake mulango wake ulikuwa na kufuli.

Ndipo nikaelewa. Shinyo ya juu ni ya mutu ambaye kichwa chake hakina kazi nyingine. Huwezi kubeba godoro juu ya banane. Mzigo unainama, nywele zinavutwa, na meshi ndefu zikifunguka njiani zinanaswa kwenye kamba, kwenye mugongo wa mwenzako, kwenye mulango wa gari. Huwezi kusimama pale mupakani nywele zimekuangukia usoni na mikono yote miwili inashika mizigo. Mwanamuke anayeondoka anahitaji utosi wazi na kisogo kilichofungwa vizuri.

Baada ya Mama Salima wakaja wengine. Mwalimu wa shule, muuza samaki, wale mabinti wawili wa Rutshuru waliokuwa wamekimbia mara moja tayari na hawakutaka kukimbia tena. Kila mumoja anaikaa, anasema kwa sauti ndogo, "Mama, unishushie," na ananiangalia kwenye kioo aone kama nimeelewa. Hakuna aliyesema "ninakimbia". Ukisema, mutoto anauliza, jirani anaanza kulia, na wewe mwenyewe unaikaa chini huinuki tena. Mimi pia sikuuliza. Nilishusha, nikajaza beseni, nikasema: "Tembea hadi mulangoni." Ikawa ndiyo desturi ya saluni yangu. Walitembea na beseni mbele ya wateja wengine, na wateja wengine waliangalia kucha zao.

Nyie munanijua, munajua mimi si mutu wa safari. Ziwa Kivu ninaliona kutoka nchi kavu na linanitosha. Mulima ulipopasuka nilikimbia hadi kwa shemeji yangu, na nikarudi mapema kuliko wote kwa sababu chai ya kule ilikuwa na sukari kidogo. Marehemu mume wangu alisema mimi ni kama kabati: ukitaka kunihamisha, vunja kwanza ukuta. Kwa hiyo nilishusha shinyo za muji muzima na mimi mwenyewe nikabaki na kitambaa changu kichwani, nikijichekea. Niliogopa kitu kimoja tu, na nilikiogopa kila asubuhi: kwamba siku moja binti yangu Furaha ataikaa kwenye kile kiti na kuniambia nimushushie.

Furaha ndiye mutoto pekee niliyebaki naye. Ndiye niliyemufundisha, kwa kamba ile ile ya Vitshumbi. Gumba lake linashinda langu. Mama Anjelani angemuchukia kwa wivu. Vidole vyangu vilipoanza kuvimba na kufunga asubuhi, nilimuachia saluni, kopo la majivu, kitana cha mukia, na nikajipa cheo cha kukaa mulangoni na kukosoa.

"Hiyo pini haijakataa!" nilikuwa ninapiga kelele.

"Mama, umeisikiaje kutoka huko?"

"Nimeiona kwenye uso wa muteja."

"Muteja amelala."

Wateja wakacheka. Ilikuwa saluni ya kuchekea, ile.

Sasa muangalie ilivyo. Wageni wa Himbi wameondoka na nywele zao. Banki zimefungwa, harusi zinafanyika kwa kitambaa na soda moja, nani atalipia banane? Mabibi wa maofisi hawana ofisi. Siku nzima Furaha anapanguza kioo ambacho hakuna mutu aliyekichafua. Majivu yamejaa kwenye kopo, vichwa hakuna. Mume wake, dereva, alikuwa upande wa pili wa mupaka na gari wakati vita vilipoingia mujini, akaenda hadi Kampala na hakuweza kurudi. Alikuwa anapiga simu. Furaha alikuwa anatoka nje kuzungumza naye, akirudi anapanguza tena kioo.

Mimi nikajifanya sioni. Nilizungumzia bei ya makala ya kupikia. Nilizungumzia mbuzi wa jirani. Niligundua hata ugonjwa mupya mugongoni, wenye kuhitaji binti karibu. Ninawaambia haya mujue kwamba mutu anaweza kusoma vichwa vya wenzake muda wote ule na akakataa kusoma kimoja.

Ilikuwa asubuhi, kabla ya saluni kufunguliwa, kama tunaweza kusema bado kuna kufungua. Nilikuta Furaha ameikaa kwenye kiti cha wateja. Alikuwa ameshonea meshi zake ndefu nyeusi juma lile, mimi mwenyewe nikamutania kwamba anataka kuolewa mara ya pili. Zilikuwa zimelala mugongoni, hazijaoshwa. Kopo la majivu alikuwa amelifungua na kuliweka mezani. Kila kitu kilikuwa tayari, kama nilivyomufundisha.

"Mama, njoo."

"Nije wapi? Vidole vyangu bado vimelala."

"Mama. Unishushie."

Nikachukua kitana. Nikasema: "Uso wako ni murefu, ya juu ndiyo inakupendeza. Ya chini itakufanya kama sista wa parokia."

"Mama."

"Ao tuisuke kabisa, tuache haya mambo ya banane, nywele za kusuka siku hizi..."

"Mama, nishushie." Alikuwa ananiangalia kwenye kioo na hakuwa analia, na hilo ndilo lilinimaliza. Anayelia anaweza kubadilisha mawazo.

"Kampala?"

"Mama Salima alifika kule, amepata saluni, ananipatia kiti cha kufanyia kazi. Mama, twende wote. Nimeshasema na dereva wa gari la kutupeleka. Tunaondoka wawili."

"Kule chai yao iko na maziwa mengi," nikasema.

"Mama, usinichekeshe leo."

Basi nikashusha. Nilipaka majivu kwenye mashina, nikakusanya nywele, nikaingiza gumba kwenye mukunjo, na gumba likakataa. Lilifunga palepale. Furaha alisikia mukono wangu umesimama. Akapeleka mukono wake nyuma, akaweka gumba lake pale langu lilipokuwa, akashika mukunjo wake mwenyewe, na mimi nikatia pini. Tulifanya kichwa kile sisi wawili hivyo. Kila pini ilikataa vizuri. Sijafanya shinyo nzuri kama ile tangu Mama Anjelani afariki.

Halafu desturi. Nikajaza beseni. Nilijaza kuliko kawaida, ninyi munisamehe, nilijaza hadi ukingoni. Nikampa ngata.

"Tembea hadi mulangoni."

Akatembea. Katika maisha yangu yote ya kazi sijawahi kuomba Mungu pini iteleze. Asubuhi ile niliomba. Niliomba moja tu, ile ya kisogoni, iachie kidogo, maji yamwagike, tucheke, nimwambie unaona, haikai, tujaribu tena mwezi ujao. Akafika mulangoni, akageuka, akarudi. Maji yalitulia kama mafuta yaliyoganda. Akatua beseni bila kulowesha hata kola yake.

"Inakaa," nikasema. Ni mimi niliyepaswa kusema.

Furaha akasogea pembeni, akanionyesha kiti. "Sasa wewe. Ikaa, nikushushie."

Nikaikaa. Nikatoa kitambaa. Nyie munaonijua munajua kilicho chini yake: defriza ya miaka mingi imeniachia nywele kama mukia wa panya aliyefunga Ramadhani na Kwaresima pamoja. Furaha akazichana taratibu. Nilimuona kwenye kioo akikusanya yote chini, kisogoni, gumba lake limeshaingia.

"Hapana," nikamwambia. "Mimi, unipandishie."

Kitana kikasimama.

"Mama, ya juu huwezi kubeba kitu."

"Ninajua. Ni mimi niliyekufundisha."

Nje mutu alikuwa anapita akiuza mikate, akaita, hakuna aliyemujibu. Furaha alisimama pale na nywele zangu mukononi kwa muda, akivuta pumzi kwa pua kama alivyokuwa anafanya utotoni nikimunyima kitu. Kisha akalegeza mukunjo. Akaanza upya, kutoka shingoni, kuelekea juu. Nywele hazikutosha, akakata kipande cha meshi zilizobaki, akakificha ndani ili kuwe na kitu cha kusokota. Alipaka majivu. Alivuta hadi ngozi ikasikia, na macho yangu yakapanda.

"Umezidisha," nikamwambia.

"Sijazidisha," akasema. "Ni wewe."

Akatia pini moja moja. Nilizisikia zote zikikataa. Ya mwisho aliiweka utosini, mahali ngata inakaa, akaisukuma kwa gumba na akaacha gumba lake pale juu yake.

"Unafanana na bibi arusi."

"Wa nani?"

"Wa kabati," akajibu, na tukacheka, sisi wote wawili, vibaya sana.

Aliondoka kabla ya mchana na godoro utosini na mufuko mukononi. Nilisimama barabarani nikimuangalia kwa nyuma, kama fundi anavyoangalia kazi yake. Kisogo kilikuwa bapa, safi, hakuna unywele uliotoka. Alipita kona ya duka la dawa bila kugeuka, na sikumulaumu. Mwenye godoro kichwani hageuki.

Sasa nina saluni yenye kioo safi. Wanawake wa jirani wananiambia nifungue hii shinyo, kichwa kitaota vidonda, mutu halali na banane, mama, wewe si ndiye uliyekuwa unatukataza? Ni kweli, nilikuwa ninawakataza, na nyie pia ninawakataza. Ninalala nimeegemea ukuta, shingo inaniuma, na pembeni imeanza kulegea. Jana mumoja wenu alikuja na vidole vyake vizuri akasema, "Bibi, ikaa, nikufungulie, nitatoa polepole." Nikamuuliza anaanza na pini gani. Akajibu vizuri: na ile iliyowekwa mwisho.

Nikamwambia arudi siku nyingine.